Mlango Wako Bado Uko Gerejini

Moraa wangu, mtoto wangu wa kwanza na wa mwisho,

Mlango wako bado uko gerejini. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Umesimama tena palepale ulipouacha, kando ya mashine ya kufulia, ndani ya fremu aliyoipigilia mume wa Mama Furaha wa kanisani, umefunikwa lile shuka la maua ya njano. Gari linalala nje. Mwezi wa nne mwaka jana ilinyesha mvua ya mawe ya huku Texas, unaijua, mawe kama mayai ya bata, boneti ikabonyea kama sufuria ya matanga. Jirani wa mkono wa kulia akaja kunipa pole, akataka kujua kwa nini mtu mwenye gereji kubwa hivi anaacha gari lipigwe. Nikamwambia ndani kuna kitu cha binti yangu. Aliangalia chini, akarudi kwake.

Mwaka umekwisha tangu nikurudishe nyumbani Keroka ukalale kando ya nyanya yako. Mchungaji amekuwa akiniambia nikuandikie, eti itanisaidia. Sikuandikii ili nisaidiwe. Nakuandikia kwa sababu kuna uongo niliokudanganya, na mwezi uliopita niliukiri mbele ya akina mama wa kanisa, ukabaki wewe. Barua hii nitawapa na wao waisome. Uongo wangu uliwapitia wao, basi na ukweli uwapitie.

Lakini kwanza niache nijisifu, maana hakuna wa kunizuia. Mimi niliishia darasa la nane. Mikono hii imeosha wazee wa watu katika nyumba za wazee za Arlington na Mansfield miaka ishirini. Na bado nilizaa mtoto aliyesimama mbele ya watoto wa Kiamerika, katika shule nzuri ya Katy, kando ya Houston, akiwafundisha kuigiza kwa Kiingereza chao wenyewe. Nitajie Mkenya mwingine huku mwenye mtoto kama huyo. Wako wenye watoto manesi, sawa, manesi ni wengi kama mchanga, na mimi nawapenda, wananipa lifti gari langu likiharibika. Lakini wa kwangu alikuwa mmoja.

Hayo nayasema sasa. Siku ile niliyokuja Houston bila kukuambia sikuyasema, unakumbuka? Ulikuwa mwaka wa pili wa chuo. Nilikuwa nimemtangazia kila mtu kwamba unasomea unesi, na kitenge cha siku ya kukuvisha pini ya unesi nilikuwa nimeshakishonesha, mabega yamesimama, kiko kabatini mpaka leo. Nikaingia chumbani mwako na kikapu cha chapati na mboga ya chinsaga iliyokaushwa, nikainua macho, nikaona picha ukutani. Mzee wa kizungu. Ndevu za mashavuni nyeupe, zimetoka pande zote mbili kama mbawa za jogoo anayetaka vita, na mdomo umebanwa kama mtu aliyekatazwa kucheka tangu azaliwe. Nikaweka kikapu chini. Nikakuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyu mzee ana mke?"

Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. "Mum, huyu alikufa zaidi ya miaka mia iliyopita."

Nikasema afadhali.

Ndipo ukaacha kucheka, nikajua kuna jambo. "Nili-switch, Mum. Siko nursing tena." Ukaniambia umeingia idara ya maigizo, na huyo wa ukutani ndiye sababu, mwandishi wa michezo wa Norwe. Jina lake ulinitajia mara tatu na mara tatu likanishinda, tukakubaliana tumwite Mzee wa Norwe. Chapati sikukupa. Nilikaa juu ya kitanda chako na kikapu mapajani kama abiria, nikakataa hata maji.

Wewe ukanijua mama yako. Hukunibembeleza, ulianza tu kunisimulia. Kwamba alizaliwa kamji kadogo ka bandari, baba yake alikuwa tajiri, kisha mali ikayeyuka yeye akiwa mtoto mdogo, na wale waliokuwa wakija kula kwao wakaacha kuja. Kwamba alipofika miaka kumi na mitano alipelekwa mji mwingine akafanye kazi katika duka la dawa. Hapo nikageuza shingo. Nikakuuliza, duka la dawa? Ukasema ndiyo, alikuwa akichanganya dawa mchana na kuandika akipata nafasi. Nikakukatia chapati nusu.

Jumapili iliyofuata, akina mama waliponiuliza unaendeleaje na unesi, niliwaambia umepanda juu, unasomea mambo ya mtaalamu mmoja wa zamani wa Ulaya, mtu wa dawa. Ulipokuja kusikia hilo ulilia kwa kucheka. Lakini haukuwa uongo kamili. Uongo kamili ulikuwa bado unakuja.

Kidogo kidogo na mimi nikampenda mzee wako. Ulikuwa ukinipigia simu nikiwa kwenye mapumziko ya kazi, unaniletea kipande kimoja cha maisha yake kama mtu anayelisha ndege. Kwamba kwao walimdharau, akaondoka, akaishi nchi za watu, Italia na Ujerumani, miaka ishirini na saba. Na muda wote huo alioishi kwa jua la wengine, alichoandika ni vyumba vya kwao kwenye baridi, makochi yao, taa zao, siri wanazofichana mume na mke. Nikakwambia, kumbe ni mtu wetu. Si ndivyo tulivyo hapa? Tuko Texas, joto la kukaanga yai barabarani, na tukikaa mezani tunazungumza nani amenunua shamba la nani Keroka. Ukaniambia alirudi kwao mzee, mwenye sifa dunia nzima, na kila siku alitembea saa ileile kwenda mkahawani, watu wa mji wakawa wanarekebisha saa zao kwa kumwona. Nikasema hata mimi pale kazini wanaweza kurekebisha saa kwa kuniona, sijawahi kuchelewa shifti. Ukasema, "Najua, Mum. Ndiyo maana nakwambia."

Siku moja nikakuuliza, na wazazi wake, aliporudi walimwambia nini? Ukasema aliondoka mdogo, na tangu ujana wake hakuwaona tena. Nikakuuliza ni nani alimkosea mwenzake. Ukasema labda hakuna, labda walinyamaziana tu mpaka muda ukaisha. Simu yako ikakatika, au uliikata. Sikupiga tena, mapumziko yalikuwa yamekwisha.

Hapa lazima niandike lile ambalo wote wanalijua na hatukuwa tukilisema. Babako alipofariki ulikuwa na miaka mitatu. Ulipofika mitano nikapata viza, nikakuacha kwa nyanya yako, na ukanifuata ukiwa na kumi na miwili. Miaka saba. Siku ya kuondoka nyanya yako alisema niende ukiwa umelala usingizi wa mchana, usije ukanishika gauni. Nikakulisha ugali na maziwa, nikakulaza, nikakaa mpaka nikasikia unapumua kwa urefu. Kisha nikazungusha kitasa kwanza, nikauvuta mlango taratibu, nikakiachia kile kitasa kidogo kidogo mpaka ulimi wake ukaingia bila sauti. Hata kuku wa barazani hawakugeuka. Kwa miaka mingi nilijisifia jambo hilo. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu, mimi niliondoka vizuri, mtoto wangu hakutoa hata chozi.

Sasa nifike kwenye mchezo wenyewe. Kiangazi kimoja, ukiwa tayari mwalimu Katy, ulikuja Mansfield na daftari, ukasema umeamua kuutia katika Kiswahili mchezo mmoja wa mzee wako, ili akina mama wa kanisa letu la Haltom City wauigize. Ulitaka mimi nikurekebishie Kiswahili. Mimi, wa darasa la nane. Tulikaa meza ya jikoni siku zangu zote za off. Ukiandika kitu kigumu nilikuambia hakuna mwanamke anayeongea hivyo na mumewe, unakata, unaandika nilivyosema. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Niliwaambia wagonjwa wangu wote kwamba natafsiri. Mzee mmoja kitandani, aliyekuwa mwalimu, alimjua mzee wako, akalitamka jina lake vizuri kama maji, na tangu siku hiyo alikuwa akiniita mwenzake.

Ni mchezo wa mke anayependwa na mumewe kama mtu anavyopenda pambo la sebuleni. Siku anapopatikana na jambo zito, anagundua kwamba mume hajawahi kumjua, na yeye mwenyewe hajijui. Basi anachukua mkoba. Watoto watatu wamelala chumbani. Anatoka, na kitu cha mwisho tunachokisikia ni mlango. Uliniambia mlango ule ulitikisa Ulaya. Watu walipoalikwa chakula waliombwa wasiutaje, maana wangegombana mezani, na mpaka leo hakuna nchi ambayo haijauigiza.

Mama Furaha ndiye uliyempa nafasi ya mke. Unamjua alivyo, ametoka Uvira kule Kongo akapita kambini, sasa anafunga maboksi boharini, na akisimama mahali hata viti vinamsikiliza. Siku ya mazoezi ya kwanza alifika ukurasa wa mwisho, akavua miwani.

"Huyu mama anaacha batoto? Na banamuangalia tu aende?"

Ukamwambia ndiyo.

"Anaenda fasi gani?"

Ukasema mzee hakuandika ni mahali gani. Mama Furaha akatikisa kichwa, akasema basi huyo muzee hajapata kuwa mukimbizi, maana mtu akitoka, iko fasi anaenda. Wote tukacheka. Wewe ulichukua penseli ukaliandika neno lile pembeni ya daftari.

Kisha ikaja shida ya mlango. Milango ya ukumbi wa kanisa, kama milango yote ya huku, ina ule mkono wa chuma juu unaoirudisha polepole, hata ukiisukuma kwa bega inafunga kama inaomba msamaha. Ukasema haiwezekani, huu mchezo wote unangoja sauti moja. Ukaenda Fort Worth kwa wale wanaouza vitu vya nyumba zilizovunjwa, ukarudi na mlango wa mbao ngumu, rangi ya kijani imebabuka, kitasa cha shaba. Mume wa Mama Furaha akauleta na pikapu yake. Nikakuuliza kwa nini usitafute sauti ya mlango kwenye simu. Ulinitazama kama nimetukana.

Siku hiyo hiyo, tukiwa wawili gerejini, ndipo uliponiomba. Ulikuwa unapangusa kitasa kwa kitambaa. "Nataka wewe ndiye uufunge, Mum. Mama Furaha akitoka, wewe unakuwa huku nyuma, unaubamiza. Ni kazi ya mtu mmoja tu, lakini ndiyo kubwa."

Nikasema nitaangalia shifti zangu.

Siku ya tatu, umesharudi Katy, nikakupigia simu. Nikakwambia kamati ya akina mama imelalamika. Nikakwambia wamesema haiwezekani mama aache watoto wake ndani ya ukumbi wa kanisa, mbele ya watoto wetu, na kwamba usipobadilisha mwisho hawatatoa ukumbi. Nilikutajia hata maneno waliyosema, nani alianza na nani alidakia. Moraa, hakuna aliyesema kitu. Kamati haikukaa. Ni mimi. Niliona ule ukumbi umejaa, niliona macho ya watu yakitoka kwenye mlango yakinitafuta mimi nyuma yake, nikaona wanaanza kuhesabu miaka saba kwa vidole. Nikashindwa.

Hukubisha. Ulinisimulia tu kwamba hata mzee wako yalimkuta. Ujerumani walikuwa tayari kuubadilisha mwisho wake, mke asitoke, naye akaona afadhali aandike mwenyewe mwisho huo mbaya kuliko kumwachia mwingine. Mke anafikishwa kwenye chumba cha watoto, anawaona wamelala, miguu inamwisha nguvu, anakaa. Ukaniambia mzee aliuchukia mwisho huo maisha yake yote. "Wacha na mimi niuharibu mwenyewe, Mum," ukasema. Sauti yako haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningekuambia ukweli.

Ukumbi ulijaa mwezi ule wa kumi na moja. Watu walikuja hata kutoka Houston, wengine walisimama. Mama Furaha aliushika mkoba, akatazama upande wa watoto, akauachia mkoba, akakaa chini. Vigelegele vilikuwa vingi mpaka ukuta ukajibu. Mimi nilisimama kuliko wote, nikageuka nikawaonyesha watu kwa kidole kwamba wewe ni wangu. Ndipo nikakuona. Ulikuwa umesimama pembeni ya jukwaa, nyuma ya ule mlango wako mzuri ambao haukutumika, mkono umeuweka juu ya kitasa.

Mchana huohuo tulikuwa tunaupakia kwenye pikapu, wewe upande wa juu, mimi chini. Ukasema bila kunitazama, "Sikuwa nimelala, Mum."

Nikadhani unaongea ya usiku uliopita.

"Siku ile Keroka. Niliona kitasa kinazunguka. Nikangoja mlango ulie, haukulia. Kwa hiyo nikajua hujaenda. Nilikaa kitandani nikingoja utoke jikoni." Ukauinua mlango kidogo. "Huyu wa kwenye mchezo angalau aliubamiza. Watoto wake walijua."

Na mimi, mama yako, mwenye mdomo usionyamaza kanisani, kazini wala kwenye harusi za watu, nilikujibu nini? Nilikwambia, "Shika vizuri huko, usikwaruze rangi."

Ulishika vizuri. Tukaufikisha gerejini, ukaufunika shuka, ukanikumbatia, ukarudi Katy. Jumapili zote baada ya hapo tuliongea, habari ya kazi, habari ya wanafunzi wako, nimepika nini. Kila Jumapili nilisema nitalitaja wiki ijayo. Mwezi wa pili nikiwa namgeuza mgonjwa kitandani simu ikatetemeka mfukoni, ilikuwa ni mwenzako wa shuleni. Damu ilikuwa imeganda mguuni ikapanda mapafuni. Mimi najua jambo hilo, ndilo tunalofundishwa kuliangalia kwa wagonjwa wetu kila siku, tunawavisha soksi za kubana, tunawapapasa mashavu ya miguu. Ya kwako sikuyapapasa. Niliendesha kwa muda wa saa nne kuja Houston nikiongea na wewe peke yangu garini njia nzima, nikakusimulia kila kitu, uongo wangu wa kamati na yote, nikayapanga vizuri kabisa. Nilipofika ulikuwa umeshaenda. Taratibu, waliniambia. Hata mwenzako aliyekushika mkono hakujua ni saa ngapi.

Keroka baada ya kukuzika watu walipopungua uani, nikaingia chumba kile. Kitasa ni kilekile. Nilikizungusha nikakiachia kidogo kidogo kama siku ile, nikasikia mwenyewe jinsi kisivyo na sauti, nikarudia tena na tena mpaka shangazi yako akaja kunitoa.

Basi mwezi uliopita Mama Furaha akaja nyumbani na wali na sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo. Akasema akina mama wanataka kukukumbuka mwaka wako kwa ule mchezo. Nikasema vizuri. Akaniuliza kwa mwisho gani. Nikasema nitafikiri. Akala, akaosha sahani, akaniambia nifikiri haraka, Jumamosi ni mazoezi.

Jumamosi hiyo nilisimama mbele yao, nimevaa ile suti yangu ya zambarau ili miguu isione aibu. Nikawaambia. Nikasema hakuna kamati iliyolalamika, ni mimi niliwasingizia, nikamfanya mtoto wangu auharibu mchezo wake, naye amekufa akifikiri ni ninyi. Wengine walishika midomo. Mama Furaha hakushtuka hata kidogo. Alikuwa ameketi na daftari lako mapajani.

"Mama Moraa, mimi niko ndani ya ile kamati. Unafikiri sikujua?"

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Moraa aliniuliza siku ileile. Nikamwambia, hakuna mutu alisema kitu. Kisha akasema, 'Tubadilishe tu, mama. Mum hajafika bado kwa ule mlango.'"

Nilikaa kwenye kiti cha karibu. Ulijua. Ulijua nakudanganya, ukakaa ukaandika kurasa zile mpya kwa mkono wako, ukasimama pembeni ukanitazama nikipiga vigelegele. Na gerejini ulipoufunika ule mlango, hukuufunika kama kitu kilichokwisha kazi. Uliufunika kama kitu cha kungojwa. Mwaka mzima nimekuwa nikiacha gari lipigwe na mvua bila kujua kwamba na mimi nangojwa.

Tuliigiza juzi. Mwisho ulikuwa ule wa mzee, na wa kwako, ukurasa uleule tulioutafsiri mezani. Walikuja watu wengi kuliko mara ya kwanza, sikudanganyi, wengine walikaa sakafuni. Lakini mimi sikuwaona. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa kijani. Nikwambie kuna nini huko, maana mzee wako hakuandika na wewe hukuniambia. Kuna viti vya plastiki vilivyopangwa. Kuna ndoo ya kupigia deki, na kale kataa kekundu ka kuonyesha pa kutokea. Hakuna kingine. Nikamsikia Mama Furaha anamaliza maneno yake, nikasikia visigino vyake vinakuja. Akapita karibu yangu na mkoba wake, akaninong'oneza, "Sasa, mama."

Kitasa kilikuwa baridi. Mkono wangu ukataka kukizungusha taratibu, umezoea. Nikauondoa. Nikaushika mlango kwa mikono yote miwili ubavuni, nikaubamiza kwa nguvu za kugeuza wagonjwa miaka ishirini. Fremu ya mume wa Mama Furaha ikatetemeka. Mtoto mmoja mchanga huko ukumbini akaanza kulia. Hakuna aliyepiga makofi, na mimi ninavyoyapenda. Kulikuwa kimya tu, na yule mtoto, na mama yake akimwambia nyamaza.

Nilibaki pale nyuma na viti. Mama Furaha alitaka kunitoa, nikamwomba aniache kidogo. Nilikuwa nikikusikiliza. Sijui kama huko uliko sauti zinafika. Lakini kama kuna kitanda popote ambacho bado umekalia, na miguu yako midogo haifiki chini, ukingoja nitoke jikoni, usiningojee tena, mama. Niliondoka. Nilikuacha, na nilikuwa naenda kukutafutia maisha, na yote mawili ni kweli, na nilipaswa kukuambia macho yako yakiwa wazi. Unisamehe lile jibu langu la rangi.

Lala sasa, Moraa. Safari hii mlango umelia, na mtaa mzima umesikia.

Ni mimi niliyeufunga,
Mama yako